Saratani ya matiti: Jumuiya ianzie kwenye chupa ya fomalini

Alfajiri mitumbwi inaporudi Magara, hakuna haja ya kumfundisha mwanamke anayenunua samaki ufukweni thamani ya saa moja. Ndagala huanikwa mapema ili jua liwakute tayari. Mukeke, ambaye Kigoma kwenye ziwa hilo hilo huitwa mgebuka, hupasuliwa, hutolewa matumbo, kisha hutiwa chumvi au hupelekwa kwenye moshi. Sangala mkubwa hatiwi chumvi akiwa mzima. Atakauka nje na kuoza ndani. Ni lazima apasuliwe, chumvi ifike kwenye mfupa.

Maarifa hayo ya ufukweni hukosekana mara nyingi katika vyumba vya upasuaji vya kanda hii, pale titi la mwanamke linapokatwa kwa kushukiwa saratani. Titi linatumbukizwa zima kwenye ndoo au kopo lenye fomalini isiyotosha, linafunikwa, linawekwa kando. Linasubiri ndugu wa mgonjwa apate fedha za kulipia uchunguzi. Linasubiri gari la kwenda mjini. Likifika maabara na kupasuliwa, nje limekuwa gumu na la kijivu, katikati lina uteute. Mtaalamu anachukua kipande alichopata, anakitengeneza kadiri awezavyo na kuandika majibu. Kwa majibu hayo mwanamke atatibiwa, au hatatibiwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imezungumza kwa miaka mingi juu ya kuunganisha huduma za afya. Mazungumzo hayo yamekuwa zaidi ya majengo, mashine na vituo vya ubora. Uganda imepewa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, na Burundi sayansi ya lishe. Ni mgawanyo wenye mantiki. Lakini kwa mgonjwa wa saratani ya matiti anayeishi kwenye mwambao wa Burundi, kituo cha ubora kilichoko Kampala kinaanza kumfaa au kumpotea katika dakika sitini za kwanza baada ya kisu, kilomita mamia kadhaa kutoka Kampala, mikononi mwa muuguzi ambaye pengine hajawahi kuambiwa kwa nini saa ni muhimu. Hapo ndipo Jumuiya ilipaswa kuanzia.

Sababu si ngumu kuielewa. Nyama inapotengwa na mwili, damu haiifikii tena, lakini seli hazifi zote kwa mpigo. Vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinaanza kuzitafuna protini zake zenyewe, na joto la kando ya ziwa huharakisha kazi hiyo. Fomalini huizuia kwa kuzifunga protini pamoja ili zibaki pale zilipokuwa. Daktari Mjerumani Ferdinand Blum aliitambua sifa hiyo mwaka 1893, na hadi leo dunia haijapata kitu cha bei nafuu kilichoishinda. Fomalini inayofaa kwa kazi hii ni ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya ile kali ya kiwandani kwa sehemu tisa za maji, pamoja na chumvi za fosfeti zinazoizuia isigeuke kuwa asidi. Bila chumvi hizo fomalini huchacha kwa kukaa, na huacha madoa meusi kwenye tishu ambayo chini ya hadubini humsumbua msomaji.

Miongozo ya kimataifa ya kupima vipokezi vya homoni kwenye saratani ya matiti, ile inayotolewa na vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wataalamu wa patholojia, inataka mambo machache tu. Nyama iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu ikatwe. Ikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Ikiwa ni titi zima au bonge kubwa, lipasuliwe vipande vya milimita 5, na saa zote mbili, ya kukatwa na ya kutumbukizwa, ziandikwe. Wataalamu wa maabara wanaongeza kwamba fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Kopo dogo lililojazwa titi hadi mdomoni, na fomalini kumiminwa juu kama mchuzi, halikidhi hilo.

Kupasua ndiko kunakosahaulika zaidi. Fomalini hupenya takriban milimita moja kwa saa, na kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyozidi kuchelewa. Titi lenye unene wa sentimita 6 litahitaji zaidi ya siku moja kabla dawa haijafika katikati, na katikati ndipo uvimbe ulipo mara nyingi. Titi pia lina mafuta mengi. Rumonge, nchi ya mawese, hakuna asiyejua jinsi mafuta na maji yanavyokataana. Fomalini ni maji yenye dawa, na mafuta ya titi huyachelewesha maji hayo.

Daktari wa upasuaji ana haki ya kuuliza: nikilikata vipande, mwenzangu wa maabara atajuaje upande upi ni wa juu na upi wa kwapani? Swali ni la haki, na jibu lake ni uzi. Uzi mfupi unaashiria juu, uzi mrefu unaashiria pembeni. Kisha upande wa nyuma unapakwa wino, na titi linapasuliwa kuanzia nyuma bila kutenganisha vipande kabisa, kama mkate uliokatwa ukabaki kwenye karatasi yake. Katikati ya vipande huwekwa shashi ili fomalini ipite. Kazi nzima haichukui hata robo saa.

Na ikishafika maabara bado kuna safari nyingine. Kipande kinakaushwa maji kwa alkoholi za nguvu tofauti, kinaoshwa kwa zailini, kisha kinajazwa nta iliyoyeyuka, kwa nyuzijoto karibu 60. Baada ya hapo kinakatwa utepe mwembamba wa maikromita 4 hivi, yaani milimita moja ingetoa tepe 250. Tishu yenye mafuta ikiharakishwa katika hatua hizi, nta haiingii, na kisu kinapopita, katikati panadondoka na kubaki tundu. Mashine ya kazi hiyo hufanya kazi usiku kucha, hivyo umeme ukikatika saa nane za usiku bila jenereta, sampuli za siku nzima huharibika kwa pamoja. Haya ni ya maabara, nayo yana dawa: kukata vipande vyembamba vya milimita 3 au 4, kuviongezea muda kwenye alkoholi, kuwa na betri. Lakini nyama iliyooza kabla ya kufika haina dawa. Hakuna hatua ya maabara inayoirudisha.

Chukua mfano wa mwanamke wa kubuni, muuza samaki wa Magara mwenye umri wa miaka 44. Ameona uvimbe kwenye titi la kushoto. Kituo cha afya kimempeleka hospitali, titi limekatwa, na nyama imepitia safari iliyoelezwa hapo juu. Maabara inapima kama uvimbe wake una vipokezi vya estrojeni. Vipokezi ni protini, na protini zikiwa zimeoza, rangi ya kipimo haishiki. Majibu yanaandikwa: hasi.

Neno hilo moja linamwondolea tamoksifeni. Hiki ni kidonge cha zamani, cha bei nafuu kikilinganishwa na dawa nyingine za saratani, kipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hunywewa nyumbani kila siku bila dripu na bila kitanda cha hospitali. Tafiti zilizokusanya maelfu ya wagonjwa kwa miaka 15 zimeonyesha kwamba mwanamke mwenye vipokezi akikinywa kwa miaka mitano, uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa karibu theluthi moja. Kwa mtu anayeishi mbali na mashine ya mionzi, katika nchi ambayo kwa miaka mingi wagonjwa wake wameifuata huduma hiyo Rwanda, Uganda, Tanzania, Kenya au India, hicho ndicho kidonge chenye uwezo wa kumfikia. Naye amenyimwa kwa sababu ya ndoo.

Atapewa tu dawa za dripu, kama fedha zipo. Ataambiwa saratani yake ni ile kali isiyosikia homoni. Na yeye na wanawe wataamini, maana imeandikwa kwenye karatasi na kugongwa muhuri.

Udanganyifu huo wa ndoo umepanda hadi kwenye sayansi yenyewe. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba saratani ya matiti ya mwanamke wa Kiafrika ni ya aina nyingine, kwamba nyingi hazina vipokezi, na kwa hiyo vidonge vya homoni havitawafaa wengi. Mwaka 2014 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za bara zima, na ndani yake mlikuwa na jambo lililostahili kusomwa katika kila wizara ya afya ya kanda hii. Tafiti zilizotumia vipande vya nta vilivyotolewa kwenye kabati za zamani zilikuwa na kiwango cha uvimbe wenye vipokezi kilicho chini kwa takriban asilimia 10 kuliko tafiti ambazo sampuli zilikusanywa kwa mpangilio maalumu tangu mwanzo. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya Afrika na kwingine. Aina kali ipo na ni nyingi kwa baadhi ya jamii. Inamaanisha kwamba sehemu ya tofauti iliyotangazwa ilitokana na nyama kutohifadhiwa vizuri, na nyuma ya sehemu hiyo kuna wanawake halisi waliokosa kidonge.

Kuna wanaojibu kwamba tatizo kubwa ni uhaba wa wataalamu wa patholojia. Ni kweli ni wachache mno, Burundi hasa, na kumsomesha mmoja huchukua miaka mingi. Lakini uchache wao ndio sababu ya kutowapotezea muda. Mtaalamu mmoja anayepokea sampuli nzuri thelathini kwa wiki ana msaada zaidi kuliko watatu wanaokodolea macho uozo. Wengine huweka matumaini kwenye mashine zinazopiga picha za slaidi na kuzituma nje kwa mtandao. Ni jambo jema, na Rwanda imenufaika nalo. Ila picha ya nyama iliyooza itafika Boston haraka ileile inayofika picha ya nyama iliyohifadhiwa vizuri, na msomaji wa Boston hana macho ya kuona protini isiyokuwepo.

Mfano wa Rwanda unafaa kuangaliwa kwa makini, na kwa unyenyekevu kidogo. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa nchi, kilifunguliwa mwaka 2012, vijijini, milimani, mbali na Kigali. Mwanzoni sampuli zake zilisomwa Boston kwa ushirikiano na hospitali za huko. Kilichowezesha kazi hiyo kilikuwa cha kawaida kabisa: nyama kutiwa katika fomalini sahihi, fomu kujazwa, chupa kufuatiliwa hadi majibu yarudi. Maabara ya hapo ilikua juu ya msingi huo.

Historia ya kanda hii ina safari nyingine ya sampuli iliyo maarufu zaidi. Tarehe 5 Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa taya wa mtoto, aina iliyoelezwa na daktari wa upasuaji wa Kampala Denis Burkitt, kilipakiwa kwenye ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu uliielekeza ndege Manchester, kipande kikachelewa, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Ilidhaniwa kimeharibika. Kumbe seli hai zilikuwa zimetikisika na kuachana, na kutokana nazo, mwaka uliofuata, kikapatikana kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hadithi hii husimuliwa kwa furaha, na inastahili. Lakini kile kilikuwa kipande kibichi kilichotafutwa kuwa hai, na kiliokolewa na bahati. Sampuli ya titi inayotoka Magara haina nafasi ya bahati ya namna hiyo. Kuchelewa kwake kunaharibu tu.

Nako kuchelewa ni jambo la kila siku. Barabara ya Taifa namba 3 inayofuata ziwa kutoka Bujumbura kupitia Kabezi, Gitaza na Magara hadi Rumonge ina mlima upande mmoja na maji upande wa pili. Machi 2015 maporomoko ya Gitaza yaliikata. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kumeza nyumba za ufukweni, na uhaba wa mafuta ya gari umefanya safari fupi kuwa ya siku nzima. Mwenye kudhani sampuli itaondoka Magara asubuhi na kufikishwa ikiwa mbichi maabara ya Bujumbura kabla ya saa kuisha hajasafiri barabara hiyo.

Kwa hiyo fomalini lazima iwe kule upasuaji unakofanyika, si kule maabara iliko. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mawaziri wa afya wa Jumuiya wanaweza kulikubali bila kumwomba mfadhili: hakuna hospitali inayoruhusiwa kukata titi kama siku hiyo haina fomalini yenye chumvi za fosfeti, iliyochanganywa na kuandikwa tarehe, na chombo chenye mdomo mpana. Mdomo mpana unasisitizwa kwa sababu: nyama laini husukumwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, inakakamaa humo, kisha hakuna namna ya kuitoa bila kuikatakata.

La pili ni sindano. Kabla ya kukata titi lolote, sindano nene ichukue vipande vyembamba vya uvimbe. Vipande hivyo vina upana wa milimita moja au mbili, vinaingia kwenye fomalini papo hapo, na dawa inavifikia pande zote kwa muda mfupi, ingawa zile saa 6 zinabaki palepale. Kipimo cha vipokezi kikifanywa juu ya hivyo, tatizo kubwa la titi zima linakwepwa. Faida ya ziada ni kwamba mwanamke ambaye uvimbe wake si saratani hatapoteza titi bure. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Kwa sindano, hata ukiwa Magara, siku hizo zinatosha. Kwa utaratibu wa kukata kwanza na kuuliza baadaye, haziwezi kutosha, na jibu likija huwa limechelewa kubadili upasuaji.

La tatu ni karatasi, na hapa ndipo utangamano wa kanda unapokutana na mambo madogo ambayo wakubwa huyapuuza. Fomu ya Burundi na ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Ya Tanzania, Uganda na Kenya kwa Kiingereza. Saa ya Bujumbura, Kigali na Uvira iko nyuma ya saa ya Kigoma, Kampala na Nairobi kwa saa nzima moja. Juu ya hayo, muuguzi anayeandika "saa 4" anaweza kuwa na maana ya saa nne asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, au alfajiri ya kumi kwa hesabu ya Kizungu. Kanuni inayosema nyama isizidi saa moja nje ya fomalini haiwezi kusimamiwa kwa fomu ambayo msomaji wake anaweza kukosea kwa saa sita. Fomu moja ya Jumuiya, yenye saa za mtindo wa 24 na jina la nchi zilikosomwa, yenye mistari miwili tu ya ziada, nyama imekatwa lini na imetumbukizwa lini, haihitaji mkataba. Inahitaji mchapishaji.

Kuna hofu halali ya fomalini yenyewe. Kemikali hiyo imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu, na kuiweka kwenye kikapu chini ya kiti cha basi la abiria ni makosa. Lakini nyama ikishahifadhiwa kikamilifu inaweza kumwagiwa fomalini iliyozidi, ikafungwa kwenye shashi yenye unyevu na mifuko miwili isiyovuja. Bora zaidi ni kipande cha nta. Hakimwagiki, hakitoi harufu, hakihitaji barafu, hukaa miaka kabatini na kuvuka mpaka ndani ya bahasha. Mpango wa maana kwa Jumuiya ungekuwa basi hivi: kila nchi ijitosheleze kuhifadhi nyama na kutengeneza nta, Bujumbura ikiwa mojawapo, na vipimo ghali vya vipokezi vifanywe katika maabara chache za kanda ambazo zinapima nyingi kiasi cha kuzoea na kukaguliwa. Nchi ndogo haitalazimika kununua kemikali za rangi zinazoisha muda wake kabla hazijatumika.

Mpango huo unategemea mipaka iliyo wazi, na hapo kanda haijiheshimu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda kwa sababu za usalama. Sababu hizo zina mahali pake pa kujadiliwa. Lakini wagonjwa waliokuwa na njia fupi ya kaskazini waliachiwa njia ndefu. Kama mwaka 2020, katikati ya Uviko, nchi wanachama ziliweza kukubaliana juu ya mfumo wa kielektroniki wa kuonyesha majibu ya vipimo vya madereva wa malori ili mizigo isikwame, bahasha yenye vipande vitano vya nta inaweza kupewa hadhi isiyopungua ile ya gunia la saruji. Ni suala la nani anaonekana kuwa na haraka.

Njia za kubeba sampuli nazo hazihitaji kubuniwa upya. Kwa kifua kikuu na virusi vya ukimwi kanda ilishajifunza. Uganda ina pikipiki zinazozunguka vituo na kukusanya sampuli kwa ratiba. Mradi wa mtandao wa maabara za Afrika Mashariki, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, ulizifanya maabara za mipakani zikaguane na kupeana alama. Saratani haikuwemo kwenye ratiba hizo kwa sababu haiambukizi na haiwatishi majirani. Lakini pikipiki inayobeba makohozi haichoki kubeba kichupa kimoja cha vipande vya sindano.

Linabaki jambo moja la ndani ya maabara ambalo ni la uadilifu kuliko la fedha. Kwenye utepe huohuo wa saratani mara nyingi huwepo tezi chache za kawaida za titi, na sehemu ya seli zake hubeba vipokezi. Kipimo kikifaulu, baadhi ya seli hizo lazima zishike rangi. Zisiposhika hata moja, kipimo kimeshindwa, na kinachopaswa kuandikwa si "hasi". Kinachopaswa kuandikwa ni kwamba sampuli haisomeki, na ichukuliwe nyingine. Ni majibu yanayomkera daktari, yanayomgharimu mgonjwa safari ya pili, na yanayoiumbua hospitali iliyotuma. Maabara inayoyatoa mara kwa mara itapata lawama. Jumuiya ingeweza kuilinda kwa kulifanya kuwa sharti la kanda nzima, na kila robo mwaka kila hospitali ikaletewa hesabu ya sampuli zake zilizorudishwa, ili mkuu wa upasuaji aione kabla ya waziri.

Gharama ya kuanza Rumonge, kwa hesabu ya mambo yaliyotajwa hapa, ni mapipa ya fomalini, chumvi za fosfeti, makopo ya mdomo mpana, sindano nene, shashi, wino na uzi, saa ya ukutani katika chumba cha upasuaji inayosomwa na kila mtu, na siku mbili za mafunzo kwa wauguzi wa upasuaji na wahudumu wa maabara. Mafunzo hayo yafanyike Rumonge au Magara kwenyewe, kwa Kirundi na Kiswahili, na anayefundisha akikosa mfano wa kuwaeleza kwa nini titi lipasuliwe, atoke nje aelekee ufukweni asubuhi sangala wanapoteremshwa.